Usinipe Namba, Nipe Njia Yake

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku nyingine nyingi zimenitoka. Ni siku niliyotoa jibu la kweli nikagombezwa kama mwizi.

Nitakusimulia. Lakini kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa maneno marefu, na shule nilikaa miaka miwili tu, ya misheni, kisha mwalimu wetu akapata kazi kwenye machimbo ya dhahabu akatuachia ubao. Kwa hiyo ukiona nimeenda pembeni, nisubiri, nitarudi. Ujue pia kwamba hapa Juru, mtaa wetu wa kambini, watu wamesema mimi ni mwanamke mkaidi. Wamesema kweli. Ukaidi wangu nilipewa na mzee, kama wengine wanavyopewa shamba, na leo nataka na wewe nikukatie kipande chako.

Sisi tulikuwa wafugaji, juu kabisa milimani, Kivu ya Kusini, fasi ambayo asubuhi ukungu unalala mpaka unaona pembe tu zinatembea. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe kwa sauti. Wala watoto. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, atakuambia, "Wapo, Mungu ametupa," na ukianza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja, atakupiga mkono. Kutaja namba ya ng'ombe wa mtu ilikuwa kama kuwavua nguo mbele ya wageni. Wengine walisema inaleta kijicho, wengine ugonjwa. Babu yangu, aliyemzaa baba, alisema ni kukosa adabu tu, basi.

Sasa, mwenye ng'ombe lazima ajue kama wote wamerudi. Atajuaje bila namba? Hapo ndipo wazee walikuwa na njia yao. Kijana aliyekwenda kuchunga anarudi jioni, anasema: "Wamepita langoni wawili wawili, mmoja akabaki akimtafuta mwenzake." Mzee anafikiri, anaunganisha na maneno mengine, anatikisa kichwa. Amejua. Na sisi watoto tulifundishwa kwa njia hiyo hiyo, ili kichwa kizoee kutembea chenyewe.

Siku hiyo baba mdogo alikuwa amefika kutoka bonde la pili na ng'ombe wake. Ndama wake wakaingizwa kwenye kibanda, mlango wa fito ukafungwa, mimi sikuwaona hata mkia. Babu akatuita watoto wote.

"Ndama walio mle ndani," akasema, "wamezidi vidole vya mkono mmoja, hawafiki vidole vya mikono miwili. Wakitoka wawili wawili, mmoja anabaki peke yake. Wakitoka watatu watatu, hakuna anayebaki. Atakayejua ndiye atakayempa jina ndama mdogo kuliko wote."

Kumpa ndama jina! Wewe uliyekulia kwenye mahindi na maharage huwezi kujua hilo lilikuwa jambo kubwa namna gani. Jina likishatoka, hata mwenye ng'ombe halibadilishi. Maisha yake yote huyo ng'ombe ataitwa kwa neno lililotoka kinywani mwako.

Jibu halikutajwa. Uliokota mawe madogo, ukayaweka kwenye kiganja cha mzee, yeye akayapitisha moja moja kwa kidole gumba. Mimi niliokota haraka kuliko wenzangu. Tisa. Nisamehe kwa kusema namba, hao ndama hawapo tena, hakuna wa kuwadhuru. Babu akapitisha kidole, akaniangalia. Yalikuwa sawasawa.

"Umejuaje?"

"Nimejua tu."

"Umejuaje, Rebeka?"

"Safari iliyopita pia ilikuwa hivyo."

Akageuza kiganja, mawe yakaanguka kwenye samadi. "Basi hujui," akasema. "Umeokota."

Nililia kwa hasira. Nikamwambia babu jambo ambalo mtoto wa kike hakumwambia mzee: "Lakini ni sawa! Fungua mlango uwaone!" Wenzangu wakaziba midomo. Babu hakunipiga. Alijifunga blanketi lake vizuri akasema, "Najua ni sawa. Leo umeokota jina la ndama. Kesho utaokota neno juu ya mtu, useme huyu ameiba, yule ameroga, na watu watakuamini kwa sababu jana ulipata sawa. Nenda kule kwenye chumvi ya ng'ombe ukae. Ukipata njia, rudi."

Nikaenda, nimenuna. Nikapanga mawe mafungu mafungu: sita, saba, nane, tisa. La sita nikalitoa wawili wawili, likaisha, hakuna aliyebaki peke yake. Nikalifukuza. La nane vile vile. La saba lilinipendeza, maana mmoja alibaki, lakini nilipojaribu watatu watatu, bado mmoja akabaki. Nikalifukuza nalo. Lilibaki fungu moja tu, na sikulichagua mimi. Mengine yote yalikuwa yameondoka yenyewe. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama mtu amenishika mkono gizani, nami nikakuta mkono ule ni wangu mwenyewe.

Nikarudi nikampa babu njia yote, fungu kwa fungu. Akasikiliza mpaka mwisho kana kwamba hajui. Ndama nikamwita Sababu.

Sababu alikua, akazaa, akatoa maziwa mengi. Akaenda pamoja na wengine wote katika mwaka ambao leo sitaki kuusimulia. Mimi nikashuka mlima na watoto, sufuria na kitabu cha nyimbo, mpaka tukavuka, mpaka tukafika huku. Lakini lile swali la babu, umejuaje, halikuhitaji kubebwa mgongoni. Lilikuja lenyewe.

Sasa tuje Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda.

Hapa ninalima kama kila mtu. Ng'ombe ni wa wenyeji, ninawaona wakipita, wale wa pembe ndefu, nami ninajishika nisiwahesabu. Jumamosi ni siku ya kupukucha mahindi. Watoto wa majirani walianza kuja kwa sababu ya uji. Siongopi, uji ndio uliwaleta. Lakini waliendelea kuja kwa sababu ya kikombe.

Nina kikombe cha bati, kimebonyea upande. Ninaficha punje za mahindi chini yake, kisha ninapanga mahindi mazima kwenye mkeka, kila hindi ni namba. Kama nimesema punje zimezidi kumi na hazifiki ishirini, ninapanga kuanzia la kumi na moja mpaka la kumi na tisa. Kisha ninatoa neno moja moja. Kila neno linafukuza namba, na kila namba iliyofukuzwa inapukuchwa papo hapo. Kwa hiyo kazi inakwenda na akili inakwenda. Hindi la mwisho likibaki peke yake kwenye mkeka, tunafunua kikombe.

"Ukizipanga tatu tatu, zinaisha," ninasema, na mikono inavamia mkeka, wanabishana, hili litoke, hili libaki, mpaka yamebaki matatu tu. "Ukizipanga mbili mbili, moja inabaki." Hapo mawili mengine yanaondoka.

Mara nyingine kuna anayechoka kufikiri katikati. Mmoja aliruka juu siku moja: "Mie naona ni kumi na saba!"

"Unaona wapi?" akamwuliza mjukuu wangu Riziki, binti wa darasa la nne, mwenye ulimi kama wangu. "Uko na macho ya kupita bati? Kumi na saba tumeshamupukucha, ile pale kwenye kapu!"

Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Na kwangu anayetoa jibu bila njia anapukucha mahindi mawili ya ziada, na uji hapati mpaka amalize, hata kama jibu ni sahihi. Hasa kama ni sahihi. Maana aliyekosa atajua kwamba amekosa, lakini aliyebahatisha akapata, huyo amepotea na anafurahi.

Sasa niende pembeni kidogo, nitarudi. Nilikwenda Mbarara kwa ajili ya macho yangu. Daktari alinipa dawa ya matone akaniambia nisikae kwenye moshi, nikamwuliza basi nipike kwa jua? Akacheka. Nikiwa natafuta taksi ya kurudi, nikapita mbele ya nyumba moja ya kamari, yenye kelele, vijana wamejaa mpaka mlangoni, kila mmoja na kikaratasi, wanatazama ukutani namba zinazopita kwenye televisheni. Wanaziita kama watu wanavyoita mbwa: njoo! njoo! Katikati yao nikamwona Amani.

Amani ni mtoto wa Mzee Yoeli, mzee wa kanisa letu. Alikuwa na pikipiki ya kubeba abiria, baba yake aliuza mavuno ya misimu mitatu kuinunua. Nikamwita. Akaja, ananuka jasho, hakunitazama machoni.

"Pikipiki iko wapi?"

Akanionyesha kikaratasi. Nikaelewa.

"Na hii namba uliyoandika hapa, umejuaje?"

"Nimeota, koko," akasema, maana kwetu bibi tunamwita koko.

"Umeota?"

"Niliota mutu anavaa shati yenye hii namba. Mara tatu."

Mlinzi wa mlango, mwenyeji mmoja, Munyankole mwenye fimbo, akanipigia kelele akiniita bibi kwa lugha ya huku: "Jajja, toka kwa mlango! Kama huchezi, enda!" Nikamwambia kwamba mimi nacheza namba tangu kabla mama yake hajazaliwa, lakini kwangu hatuoti. Sijui kama alielewa. Amani alielewa, maana alitabasamu kidogo, halafu namba zikapita ukutani, na tabasamu likaisha.

Nimerudi.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya mazishi na ya zamu ya maji, Mzee Yoeli akasimama mbele. Habari ya pikipiki ilikuwa imemfikia, si kwangu, mdomo wangu ni mrefu lakini una mlango. Alikuwa amekonda kwa wiki moja. Akasema shetani ameingia Juru kwa mlango wa namba. Akasema kuna mama hapa hapa kanisani anayeficha vitu chini ya kikombe na kufundisha watoto kutafuta namba wasiyoiona, na kwamba ndivyo inavyoanza, leo punje, kesho kikaratasi. "Kuanzia leo," akasema, "hakuna mutoto wa kanisa hili ataenda kwa Mama Rebeka. Na yeye mwenyewe, kama haachi, hatakaribia Meza ya Bwana."

Mwanangu, ngoja nikuambie hilo ni jambo gani kwa mjane katika kambi. Ukoo wangu umetawanyika, wengine Tanzania, wengine hata sijui. Wakati wa kuumwa ni kanisa linaleta maji. Wakati wa kufa ni kanisa linaimba, linachimba, linabeba. Kutengwa na Meza ni kuambiwa utalala peke yako kwenye udongo wa ugenini.

Na bado nikasimama. Kwetu mwanamke hasimami kumjibu mzee katikati ya ibada. Nikasimama na kitenge changu na mguu wangu mbovu.

"Siachi," nikasema.

Wanawake wa nyuma walivuta pumzi kwa pamoja, ukasikia turubai la paa linapigwa na upepo.

"Mama, kaa," akasema mchungaji.

"Nitakaa, mchungaji. Lakini siachi. Kama ni dhambi, mniite, mnihoji, mnionyeshe. Mkinitenga kabla ya kuuliza, ninyi ndio mnabahatisha."

Waliniita siku ya katikati ya wiki, mchana, baada ya watoto kutoka shuleni. Nilikwenda na Riziki, nimemshika mkono, sijui nani alimsaidia mwenzake kutembea. Wazee wa kanisa walikuwa kwenye benchi la mbele. Majirani walijaza madirisha, maana habari ya mtu kutengwa haikosi wasikilizaji. Amani naye alikuwepo, karibu na mlango, ameegemea nguzo kama mtu anayesubiri aitwe kwa kosa lake na anashangaa kuitwa mwingine.

"Mama Rebeka," akaanza Mzee Yoeli, "unafundisha batoto ramli."

"Ramli ni nini, mzee?"

"Ni kutafuta kintu chenye kimefichwa. Ile ni kazi ya mufumu."

"Mufumu, huyo mganga, ukimwuliza amejuaje, anakujibu?"

Dirishani mwanamke mmoja akasema, "Anakujibu ulete kuku!" Wakacheka, mchungaji akapiga meza.

"Mimi kila mtoto namwuliza," nikasema. "Asiponionyesha njia, hata akipata, namwongezea kazi. Mzee, wewe unalia juu ya mtoto wako, na mimi pia nalia naye. Lakini kilichomla Amani si namba. Amani hakuwahi kukaa kwenye mkeka wangu. Mnitenge kama mnataka. Nitakaa nje ya ukuta na nitaimba kutoka nje, sauti yangu mnaijua, inapita turubai. Lakini hamtaniambia kwamba kumfundisha mtoto kusema kwa nini ni kazi ya shetani. Shetani ndiye asiyetaka kuulizwa kwa nini."

Nilikuwa natetemeka, mwanangu. Usifikiri mkaidi hatetemeki.

Mzee Yoeli akainuka. Kulikuwa na gunia la mahindi ya sadaka ya mavuno pale pembeni. Akachota punje, akageuka ukutani, akahesabu, akazitia kwenye kofia yake na kufunika kwa mkono. Akamgeukia Riziki.

"Basi tuone kama si ramli. Punje zimezidi kumi, hazifiki makumi mawili. Ukizipanga nne nne, mbili zinabaki. Sema ni ngapi."

Riziki akachuchumaa. Akachora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, akafuta, akachora, akafuta. Nami nilikuwa nikifanya kichwani, na nilipofika mwisho moyo wangu ukashtuka, maana niliona kile ambacho mzee mwenyewe hakukiona. Sikuruhusiwa kusema. Nikatazama turubai.

"Bado, mzee," akasema Riziki.

"Bado nini?"

"Maneno yako bado hayajafika. Zimebaki mbili. Kumi na nne na kumi na nane, zote zinakubali."

"Chagua moja."

"Hapana."

"Mutoto, chagua! Hata ukikosa hakuna fimbo."

"Siogopi fimbo, mzee. Nikichagua nitakuwa nimebahatisha."

"Na ukibahatisha ni nini?"

"Koko hanipi uji."

Madirisha yalicheka. Mchungaji alicheka. Mzee mmoja wa kanisa, kiziwi kidogo, aliuliza mtoto amesema nini, akaelezwa, akacheka peke yake baada ya wote. Amani tu hakucheka. Alikuwa ameacha nguzo, amesimama wima, anamtazama yule mtoto aliyechuchumaa kwenye vumbi. Nilifikiri juu ya wale vijana wa Mbarara, wenye ndevu na viatu vizuri, wanaoita namba ukutani. Kelele zao zote nilizisikia, na hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema bado.

Mzee Yoeli naye aligeuka akamtazama mwanawe. Sijui baba na mtoto waliambiana nini kwa macho, si langu.

"Mzee," akaita Riziki, "unaweza kunipa neno moja tena? Uzipange tatu tatu uniambie zinabaki ngapi."

Nilidhani atakataa. Alikaa kwenye benchi, akamwaga punje pembeni yake, akaanza kuzipanga, tatu, tatu, tatu, midomo inacheza. Alianguka ndani ya ile kazi kama sisi wote tunavyoanguka. Mchungaji aliinama kutazama. Hata yule kiziwi aliinama.

"Mbili zimebaki," akasema.

Riziki hakutaja namba. Hilo nimemfundisha mimi, ni heshima ya kwetu. Alikwenda kwenye gunia la sadaka, akaokota punje polepole, akamwomba mzee kiganja, akazimwaga humo. Mzee Yoeli akazipitisha moja moja kwa kidole gumba. Yeye ni mkulima wa bondeni, hakuna babu wa ng'ombe aliyemfundisha hivyo. Kidole kilijua chenyewe. Alipofika ya mwisho, akafunga kiganja, akainua macho kwa mtoto.

"Umejuaje?" akauliza.

Mwanangu, nilikaa chini.

Riziki akamweleza: zingekuwa kumi na nane zingeisha tatu tatu, hakuna ambayo ingebaki, kwa hiyo ile iliondoka yenyewe. Mzee akatikisa kichwa, polepole, mara moja kwa kila neno. Kisha akasema habari ya Meza watazungumza wao wenyewe, mchungaji akafunga kwa sala, na tukatoka bila jibu.

Hawakuniambia niache, hawakuniambia niendelee. Jumamosi nikatandika mkeka, nikaweka kikombe juu. Sikungoja ruhusa. Walikuja watoto wachache, wale ambao mama zao wana roho ngumu kama yangu. Kisha akaja Amani, na mzigo wa mahindi begani.

"Jambo, koko. Mie ni mutu mukubwa, sitaki uji."

"Uji utakunywa. Kaa."

Akakaa, magoti yake yakafika masikioni katikati ya wale wadogo. Nilipotoa neno la kwanza tu, akatupa namba hewani, kwa desturi yake.

"Umejuaje?" wakamrukia watoto wote kwa pamoja.

Akasema kwa sauti ndogo, "Bado." Akapukucha mahindi yake mawili ya adhabu, nasi tukaendelea. Baba yake alipita na baiskeli kwenye njia ya chini, akapunguza mwendo, akatazama, hakusimama. Hakumwita pia.

Jumapili ikawa ya Meza. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi langu, la mbele kwa wanawake, sikujificha nyuma. Nilikuwa nimejiambia kwamba sahani ikinipita, nitasimama na kutoka nje na kuimba kutoka huko kama nilivyoahidi, na sitalia mpaka nifike nyumbani. Aliyebeba sahani alikuwa Mzee Yoeli. Akafika mbele yangu, akasimama. Sikuinamisha macho. Sikumwomba msamaha, na leo siombi. Akashusha sahani mpaka mikononi mwangu, akangoja nichukue, kisha akaenda kwa jirani yangu. Mkono wangu ulikuwa na mkate, nami nikaomba kwa ajili ya pikipiki yake, ndiyo, kwa ajili ya pikipiki, maana Mungu anajua mambo yetu yalivyochanganyika.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na uishike hata watakapokuita mkaidi. Ukiwa na mtoto, usimpe namba, mpe maneno ya kuifikia, umwache ahangaike. Akikuletea jibu, usimpigie makofi kabla hujamwuliza amejuaje. Akikosa lakini ameonyesha njia, mkae pamoja mtafute alipoteleza. Akisema bado, mheshimu, maana hapo amesema kweli kuliko watu wengi wazima. Na wewe mwenyewe, siku watakapokuja kukuambia jirani yako ni mchawi, kabila lile ni nyoka, namba hii italeta mali, simama kwa miguu yako, hata kama inatetemeka, na uulize. Waulize wazee, waulize wakubwa, niulize na mimi. Mwenye njia atakuonyesha. Asiye nayo atakasirika, na hasira yake isikukalishe chini.

Mungu aliyetupitisha mipakani akulinde na jibu la kuokota. Akupe mkeka wa kukaa, mahindi ya kupukucha, na watoto wa kukubishia. Ukifika siku zangu, akuache na swali lako bado liko hai mdomoni, na sauti ya kuimbia nje ya ukuta kama italazimu. Amina.